Somo: Je, mtoto wako ni Mcherokee kisheria? Hatua za kufuatilia

Wengi waliooa au kuolewa Marekani wameisikia hii ukweni: bibi mzaa bibi alikuwa Mcherokee, yaani mtu wa taifa mojawapo la Wenyeji wa Asili wa Marekani. Huenda ni kweli. Ila sheria haiulizi masimulizi. Inauliza ni jina la nani, na liko kwenye daftari gani.

Hatua ya 1. Jua ni kabila lipi. Serikali ya shirikisho inatambua makabila matatu tu ya Kicherokee: Cherokee Nation na United Keetoowah Band, yote makao yake Tahlequah, Oklahoma, na Eastern Band of Cherokee Indians wa milima ya magharibi mwa North Carolina. Mwaka 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee kilitia saini mkataba wa New Echota na serikali ya Marekani na kuitoa ardhi ya wote bila ridhaa ya taifa lao. Mwaka 1838 jeshi likaanza kuwaswaga watu kwenda magharibi, na maelfu wakafa. Eastern Band ni uzao wa waliobaki milimani.

Hatua ya 2. Tafuta daftari la kabila hilo. Cherokee Nation wanataka mzee wako aliyekuzaa kwa mstari wa moja kwa moja awe kwenye Orodha ya Dawes (daftari la shirikisho la watu wa makabila), iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20. Hawana kiwango cha chini cha damu, yaani sehemu ya asili yako iliyo ya Kicherokee. Eastern Band wanatumia Orodha ya Baker ya 1924 na sehemu moja ya 16 ya damu. Keetoowah wanataka robo. Na hapa tusahau undugu wetu mpana: kaka wa babu ni babu kwetu, lakini jina lake halikusaidii kitu.

Hatua ya 3. Unganisha vyeti vya kuzaliwa kuanzia kwa mtoto kwenda juu, kizazi kwa kizazi, hadi kwa huyo mzee. Hapa ndipo wengi hukwama, maana wanawake walibadili majina kwa ndoa. Kuliona jina kwenye karatasi za Dawes pia hakutoshi: waombaji waliokataliwa nao wana kadi zao, na wazungu waliooa Wacherokee waliandikwa sehemu ya peke yao. Tafuta namba ya walioidhinishwa.

Hatua ya 4. Usichanganye jimbo na shirikisho. Alabama na Georgia zimetambua kwa sheria zao vikundi kama Echota Cherokee Tribe of Alabama na Georgia Tribe of Eastern Cherokee. Mwanachama wake anaweza kuuza kazi za mikono kama za Wenyeji wa Asili chini ya sheria ya 1990, lakini sheria ya 1978 ya kulinda watoto wa Wenyeji haimgusi. Cherokee Nation na Eastern Band wenyewe hawavikubali vikundi hivi. Ushauri wangu: usilipe ada ya uanachama popote kabla hujaangalia orodha ambayo Wizara ya Mambo ya Ndani (kule inashika ardhi na maliasili, si polisi) huichapisha kila mwaka.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, shikamoo. Kipimo cha DNA kinatosha?

Marahaba. Hakitoshi. Mwaka 2018 Seneta Elizabeth Warren wa Marekani, aliyekuwa akisema ana asili ya Kicherokee, alitangaza matokeo ya kipimo chake, na Cherokee Nation wakajibu siku hiyohiyo kwamba DNA haithibitishi uraia wa kabila lolote.

Mume wangu ni Mmarekani mweusi. Kwao wanasema mababu walikuwa watumwa wa Wacherokee. Ana haki?

Dada, huenda anayo, na watu wengi hawajui. Wacherokee matajiri walimiliki watumwa. Mkataba wa 1866 uliwapa walioachwa huru na uzao wao haki zote za Wacherokee, lakini makarani wa Dawes wakawaandika kwenye daftari la pembeni, la Freedmen, hata wale waliokuwa na damu ya Kicherokee. Mwaka 2007 kura ya Wacherokee ikawatoa kwenye uraia. Mahakama ya shirikisho ikawarudishia haki mwaka 2017, na 2021 Mahakama Kuu ya Cherokee Nation ikaamuru maneno “kwa damu” yafutwe kwenye katiba yao. Kwa hiyo anza na daftari la Freedmen.

Kikundi cha jimbo kinaweza kupanda hadi shirikisho?

Kinaweza, kwa Bunge au kwa maombi kwenye wizara niliyoitaja. Kwa kanuni za 2015, lazima kithibitishe kuwa kimekuwa jamii moja yenye uongozi wake tangu 1900. Kwa watu waliojikusanya juzi kwa sababu ya simulizi za bibi, hapo ndipo safari inapoishia.

Mimi nimeoa huko. Nami nitaandikishwa?

Hapana, kaka. Ndoa haikupi uraia wa kabila. Jaza fomu ya mtoto, na hakikisha cheti chake kinataja wazazi wote wawili.