Jinsi ya Kusoma Dirhamu na Dinari za Bani Umayya na Bani Abbas

Mwaka 77 wa Hijria, yaani 696 hadi 697 Miladi, Khalifa Abdul-Malik bin Marwan wa Bani Umayya aliondoa picha kwenye dinari ya dhahabu na kuijaza maandishi matupu. Miaka miwili baadaye dirhamu ya fedha ikafuata mkondo huohuo. Kabla ya hapo Waislamu walitumia sarafu za kuigwa kutoka kwa Warumi wa Bizanti na Wasasani wa Uajemi, na kwa miaka michache kulikuwa hata na dinari yenye umbo la khalifa aliyesimama na upanga. Badiliko hilo ndilo linalotuwezesha leo kujua mwaka iliogongwa sarafu, na kwa dirhamu hata mji wake, kwa sababu sarafu yenyewe inavitaja. Mwongozo huu ni wa mtu aliyepitia madrasa na anayezijua herufi za Kiarabu, hata kama hajawahi kushika sarafu ya kale. Sehemu kubwa ya maneno atakayokutana nayo ameshayahifadhi.

Hatua ya kwanza: iache kama ilivyo

Usiisafishe. Limau, majivu, dawa ya meno na brashi ya waya vimeharibu sarafu nyingi kuliko muda wote zilizokaa ardhini. Weusi unaofunika fedha ni ganda lililojijenga kwa karne nyingi, na mara nyingi umelala katikati ya herufi kiasi cha kuzifanya zisomeke vizuri zaidi, kama wino. Shika sarafu kwa kingo zake, juu ya kitambaa laini, na uimulike kwa taa iliyolazwa ubavuni badala ya iliyosimama juu yake, ili kila herufi itupe kivuli. Kioo cha kukuzia mara kumi kinatosha.

Ikiwa sarafu hiyo umeiokota mwenyewe, usiihamishe kabla ya kupiga picha ya mahali ilipolala, kisha toa taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale ya nchi yako. Sarafu iliyotengwa na udongo wake imepoteza nusu ya ushahidi, na hakuna utaalamu wa kusoma maandishi unaoweza kuirudisha nusu hiyo.

Hatua ya pili: pima uzito na kipenyo

Tumia mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Dinari iliyokamilika ina takriban gramu 4.25 na kipenyo cha milimita 19 au 20. Dirhamu ni nyembamba na pana zaidi, karibu gramu 2.9, na kipenyo chake huwa kati ya milimita 25 na 28. Sarafu ya fedha yenye karibu gramu 4, iliyo na mfalme mwenye taji upande mmoja na madhabahu ya moto upande wa pili, ni ya mtindo wa Kisasani wa kabla ya mageuzi, hata kama ukingoni ina neno la Kiarabu kama "bismillahi". Sarafu ya shaba ni falsi, nayo haikufuata uzito mmoja, kwa hiyo mizani haitakusaidia sana.

Uzito pungufu peke yake hauthibitishi kuwa sarafu ni bandia. Wengi walikata kingo ili kuiba fedha kidogo, na katika nchi za kaskazini mwa Ulaya dirhamu zilikatwa vipande kwa sababu zilihesabiwa kwa mizani tu. Hazina iliyofukuliwa Spillings, kisiwani Gotland nchini Sweden, mwaka 1999, ilikuwa na kilo 67 za fedha na sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa dirhamu. Kinachonitia shaka zaidi ni sura ya herufi: sarafu iliyogongwa kwa muhuri wa chuma ina herufi zenye kona kali, ilhali ya kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ina herufi zilizolegea, vitundu vidogo vya hewa, na pengine mstari wa maungio kwenye unene wake.

Hatua ya tatu: soma katikati kwanza

Wanaoanza hukimbilia ukingoni, yaani kwenye mstari wa maandishi unaozunguka sarafu, kutafuta mwaka. Ninashauri kinyume chake, kwa sababu maandishi ya katikati ni makubwa, huchakaa taratibu, na hukutajia nasaba inayohusika kabla hujaingia kwenye herufi ndogo.

Upande wa kwanza, kwa Bani Umayya na Bani Abbas vilevile, una mistari mitatu: "La ilaha illa / Allahu wahdahu / la sharika lahu". Upande wa pili ndio unaozitenganisha nasaba hizo. Dirhamu ya Bani Umayya ina Suratul Ikhlas katika mistari minne, kuanzia "Allahu ahad, Allahu s-samad". Bani Abbas walipochukua madaraka mwaka 132 H, yaani 750, waliiondoa sura hiyo na kuandika "Muhammad / rasul / Allah". Ukiona maneno hayo matatu yametawala upande wa pili, umekwisha kutoka kwa Bani Umayya. Ukiona maandishi yamepangwa kwa miduara ndani ya miduara, pamoja na "Ali waliyyu Allah", fikiria Fatimiyya, nasaba ya Kishia iliyotawala Afrika ya Kaskazini na Misri, na kama katikati kuna mraba ndani ya duara, fikiria al-Muwahhidun wa Maghrib na Andalusi.

Hatua ya nne: zungusha ukingo

Kwenye dirhamu, mji na mwaka viko ukingoni mwa upande wenye "La ilaha illa". Kwenye dinari ya Bani Umayya mambo yamegeuka, kwani mwaka uko ukingoni mwa upande wa pili, na karibu dinari zote hazitaji mji. Hali hiyo iliendelea kwa Bani Abbas hadi mwishoni mwa karne ya pili ya Hijria.

Tafuta "bismillahi". Nyayo za herufi zinaelekea katikati ya sarafu, kwa hiyo kadiri unavyosoma, izungushe sarafu kufuata mwendo wa saa ili neno unalolisoma liwe juu daima. Hati ni ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu wenye herufi za pembe, haina irabu, na kwa kawaida haina nukta. Alifu nyingi za katikati ya neno zimeachwa, hivyo dinari imeandikwa kama "dinr" na thalath kama "thlth".

Tuchukue dirhamu moja halisi ya aina iliyo nyingi: "Bismillahi dhuriba hadha d-dirham bi-Wasit fi sanat thalath wa tis'in". Maana yake ni kwamba kwa jina la Mwenyezi Mungu dirhamu hii iligongwa Wasit katika mwaka wa tatu na tisini. Mji unakuja mara tu baada ya "dirham", ukitanguliwa na herufi ba. Wasit, mji wa Iraki ulioasisiwa na al-Hajjaj bin Yusuf, ndio utakaokutana nao mara nyingi zaidi kwa Bani Umayya, ukifuatiwa na Dimashq, yaani Damasko. Kwa Bani Abbas utaona sana Madinat as-Salam, ambayo ndiyo Baghdad, na al-Muhammadiyya, jina lililopewa mji wa Rayy.

Ukikuta kingo mbili upande wa kwanza, ile ya nje ikianza "lillahi l-amru min qablu wa min ba'd", aya ya Suratu r-Rum, uko kwenye mtindo ulioingia zama za al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 198 hadi 218 H. Mji na mwaka tafuta kwenye ukingo wa ndani.

Hatua ya tano: mwaka

Hapa ndipo kazi ilipo. Mwaka umeandikwa kwa maneno, mamoja kwanza, kisha makumi, kisha mamia. Msomaji wa Kiswahili anaanza na mtaji: ishrin, thalathin, arba'in, khamsin, sittin, sab'in, thamanin na tis'in anazitumia kila siku sokoni kwa matamshi yake mwenyewe. Mi'a ni mia, na mi'atayn ni mia mbili.

Kikwazo kikubwa ni saba na tisa. Bila nukta, sab' ni meno matatu ya sin, jino moja la ba, kisha ain. Tis' ni jino moja la ta, meno matatu ya sin, kisha ain. Zote mbili zina meno manne kabla ya ain, na tatizo hilohilo limo ndani ya sab'in na tis'in. Mchongaji mwangalifu aliinua jino lisilo la sin juu kidogo ya wenzake: likiinuka la kwanza, soma tisa, na likiinuka la nne, soma saba. Geuza taa upande mwingine na uyahesabu tena, maana uchafu mdogo hutosha kujifanya jino.

Pale macho yanaposhindwa, tumia historia. Dirhamu yetu ya Wasit haiwezi kuwa ya mwaka 73, kwa kuwa dirhamu ya maandishi matupu ilikuwa haijazaliwa. Haiwezi kuwa ya 193 iliyochakaa neno "mi'a", kwa sababu katikati ina Suratul Ikhlas. Lakini kati ya 97 na 99 historia haikusaidii, na hapo inabidi uandike kwamba mwaka ni mmoja kati ya hiyo miwili. Naomba sana jambo hili lizingatiwe, kwa kuwa tarehe iliyokisiwa ikishaingia kwenye orodha hunakiliwa na wengine kama ukweli.

Thalathin na thamanin pia hukaribiana, ila thalathin ina lam inayosimama kama nguzo ndefu baada ya jino la kwanza.

Hatua ya sita: geuza kuwa Miladi

Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 93 unatoa 712.2. Kwa kuwa mwaka huo ulianza Oktoba 711 na kwisha Oktoba 712, andika 711/712, wala usichague mmoja. Khalifa wa wakati huo ni al-Walid bin Abdul-Malik, ingawa sarafu haimtaji.

Hatua ya saba: majina ya watu

Kutajwa katika hotuba ya Ijumaa na kutajwa kwenye sarafu zilikuwa alama mbili za utawala, kwa hiyo majina hayakuwekwa ovyo. Tangu al-Mu'tasim, aliyeingia madarakani 218 H, jina la khalifa chini ya "Muhammad rasul Allah" likawa jambo la kawaida. Baadaye amiri wa jimbo aliongeza la kwake: dirhamu ya Wasamani, maamiri wa Asia ya Kati, kutoka Samarqand au ash-Shash (Tashkent ya leo) humtaja khalifa wa Baghdad, na chini yake amiri kama Ismail bin Ahmad au Nasr bin Ahmad. Soma ngazi zote mbili, kisha linganisha miaka ya utawala wa kila mmoja na mwaka wa ukingoni. Harun ar-Rashid alifariki Machi 809, katikati ya mwaka 193 H, kwa hiyo sarafu ya mwaka huo usimpe yeye wala mwanawe al-Amin kwa kuangalia tarehe pekee.

Hatua ya nane: jihadhari na zilizo nje ya kanuni

Jumba la makumbusho la British Museum lina dinari yenye mwaka 157 H na maneno OFFA REX, yaliyowekwa kichwa chini kuhusiana na Kiarabu. Ni ya Offa, mfalme wa Mercia huko Uingereza, ambaye mchongaji wake alinakili dinari ya Khalifa al-Mansur wa Bani Abbas bila kujua anachoandika. Mwaka ulioandikwa ni wa sarafu iliyonakiliwa, nao hauthibitishi siku ya kugongwa kwa nakala.

Sarafu za shaba za Kilwa nazo hazina mwaka wala mji. Zina jina la sultani, kama al-Hasan bin Sulaiman, na maneno ya pande mbili yanayokamilishana kwa vina, hivyo tarehe yake hutafutwa kwa tabaka la udongo na kwa sarafu zilizopatikana nazo. Ndiyo maana hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, iliyopatikana 1984, ni ya thamani mno: sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zilikuwa pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Fatimiyya.

Hatua ya tisa: andika ulichokiona

Piga picha pande zote mbili, kisha andika kwa mpangilio huu: nasaba, aina na madini, mji, mwaka wa Hijria na Miladi, uzito, kipenyo, na maandishi yote neno kwa neno kama yalivyo, pamoja na makosa ya mchongaji. Usiongeze alifu ambayo hakuiandika. Herufi zilizofutika ziweke ndani ya mabano ya mraba, hata kama unaijua aya nzima kwa moyo, ili atakayeikagua sarafu baada yako atofautishe kilichosomwa na kilichojazwa.