Famasi na biashara: anzia stoo, darasa lifuate

Katoni 40 za dawa ya kikohozi ya watoto ndizo zilizonipeleka kusoma biashara. Nilikuwa mfamasia wa duka la jumla hapa Mwanza, ndiyo kwanza nimetoka utarajali, yaani mwaka wa mazoezi ya kazi baada ya chuo. Msambazaji akaja na punguzo la asilimia 10, nikasaini chupa 400 kwa shilingi 2,500 kila moja. Muda wa matumizi ulikuwa umebaki miezi mitano, na sisi tulikuwa tunauza chupa 50 kwa mwezi. Piga hesabu: chupa 250 ziliuzika, 150 zikabaki. Punguzo lilituokolea laki moja na ushee. Rafuni zikalala dawa za shilingi 375,000 zikisubiri kuteketezwa, na kuteketeza dawa nako kunalipiwa. Dawa ile niliijua hadi molekuli yake. Mzigo sikuujua.

Wadogo zangu wanaosoma famasi chuoni Bugando, hapa hapa Mwanza, huniuliza kama waunganishe shahada ya uzamili ya biashara mara tu wakimaliza ile miaka minne. Nawaambia msiunganishe. Maliza mwaka wa utarajali, sajiliwa na Baraza la Famasi, kisha fanya kazi miaka miwili hivi mahali ambapo mzigo unaingia na kutoka. Usajili ndio unaokutofautisha na wahitimu wengi wa biashara wanaoomba kazi zilezile. Na mtu ambaye hajawahi kushika leja ya stoo, somo la mtiririko wa fedha linampita juu juu.

Ukiwa stoo, nunua daftari lako mwenyewe. Chagua dawa kumi zinazotoka sana. Kila mwezi andika umeuza ngapi, siku ngapi zimepita tangu uagize hadi mzigo ukafika, na tarehe ya kuisha muda ya kila toleo (batch). Panga rafu ili inayowahi kuisha muda itoke kwanza, hata kama imeingia jana. Andika pia nani analipa lini, maana hapo ndipo wafamasia wengi tunapoumia. Tuseme msambazaji anataka hela yake ndani ya siku 30, na hospitali uliyoiuzia inakulipa baada ya siku 90. Siku 60 hizo unaendesha biashara kwa mtaji wako, hata kama vitabu vinaonyesha faida. Na faida yenyewe usiichanganye: dawa uliyonunua 8,000 ukauza 10,000 umeiongezea asilimia 25 ya bei ya kununulia, lakini faida ndani ya mauzo ni asilimia 20. Nimeona watu wakitoa punguzo la asilimia 22 kwenye dawa kama hiyo wakiamini bado wanapata.

Kwa masomo yenyewe huna haja ya kuhamia Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kipo Malimbe, na Chuo cha Elimu ya Biashara kina kampasi hapa Mwanza. Tilia mkazo uhasibu wa gharama na ugavi. Masoko utayashika haraka ukiwa kazini. Utafiti wako wa mwisho uhusu dawa. Mimi nilifuatilia insulini, dawa ya kisukari, inayovuka ziwa kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na watu huogopa joto tu, kumbe ikigusana na barafu iliyotoka friza ikaganda nayo imeharibika. Nilipoandika gharama ya kila kasha lililoharibika pembeni ya bei ya kipimajoto, hoja yangu ilieleweka hata kwa mhadhiri ambaye hajawahi kuona insulini.

Sasa viwandani na kwenye makampuni. Wengi huwaza uwakilishi wa mauzo, na ni mlango mzuri, lakini mimi nakusukuma kwenye usajili wa dawa. Dawa zetu nyingi zinatoka nje, na kila moja lazima ipite TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kabla ya kuingia sokoni. Faili lake lina sehemu tano: karatasi za kiutawala, mihtasari, ubora, majaribio ya wanyama, na majaribio ya binadamu. Jifunze kuisoma ya tatu. Humo kuna majaribio ya uthabiti, ndiyo yanayoamua dawa ikae rafuni miaka miwili au mitatu. Mfamasia anaona kemia, mtu wa biashara anaona miezi ya kuuza. Wewe utaona vyote viwili, na kampuni itakulipa kwa hilo.

Kwenye wasifu wako usiandike tu “nilisimamia stoo”. Andika thamani ya dawa zilizoisha muda kabla hujashika, na baada ya kushika.

Siku ya usaili wangu nilibeba lile daftari. Walipouliza kosa langu kubwa kazini, nikafungua ukurasa wa dawa ya kikohozi nikawawekea mezani, na maswali yote yaliyofuata yakatoka kwenye ukurasa huo.