Kuja Nairobi kama mtafiti mgeni wa sheria ya kimataifa: anza na mada, tiketi baadaye

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mhadhiri mmoja kutoka Dar es Salaam kupanga muhula wake hapa Nairobi. Wengi ninaowasaidia huanza na tiketi na nyumba ya kupanga Kilimani, halafu ndipo hukumbuka kujiuliza watachunguza nini hasa. Mimi nakwenda kinyume na hapo, kwa sababu kila barua utakayoihitaji itatokana na aya moja ya mada yako.

Hatua ya 1: Kuingia nchini

Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji eTA, ile ruhusa ya mtandaoni iliyochukua nafasi ya viza mwezi Januari 2024. Wengine waangalie kama nchi yao imesamehewa. Ukikusudia kukaa miezi mingi, muulize mwenyeji wako ni kibali gani cha Uhamiaji kinachokufaa. Hilo nimelitanguliza ili liishe; kazi yenyewe inaanza na mada.

Hatua ya 2: Aya ya mada

Vyuo huomba uandike unachopenda kuchunguza, na wageni huandika: "Sheria ya kimataifa, haki za binadamu na utawala bora barani Afrika." Hiyo haimsaidii mtu yeyote. Ifanyie jaribio hili: futa neno Nairobi katika aya yako, weka Geneva. Ikisomeka sawasawa, andika upya.

Mada inayoihitaji Nairobi haikosekani. Ibara ya 2(5) ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema kanuni za jumla za sheria ya kimataifa ni sehemu ya sheria ya Kenya, na 2(6) inasema hivyo hivyo kuhusu mikataba iliyoridhiwa. Maneno ni machache, ugomvi ni mwingi. Chukua kesi ya Mitu-Bell, iliyotokana na kubomolewa kwa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson mwaka 2011. Wakazi walishinda Mahakama Kuu, wakashindwa Mahakama ya Rufani, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kufukuza watu makwao haifikii kiwango cha kanuni za jumla chini ya 2(5), ila jaji anaweza kuitumia kuifafanua haki ya makazi. Basi aya yako iwe hivi: "Nachunguza jinsi majaji wa Nairobi wanavyotumia miongozo isiyofunga kisheria katika kesi za kufukuzwa wakazi tangu Mitu-Bell." Mtu akiisoma anajua utaongea na nani na utasoma nini.

Anayependa sheria ya jinai aangalie suala la Omar al-Bashir, aliyekuwa rais wa Sudan. Alihudhuria sherehe ya kuzindua Katiba hiyo hiyo tarehe 27 Agosti 2010, ilhali Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), tangu 2005 na hati ya ICC ya kumkamata ilikuwa imeshatolewa. Mahakama Kuu iliamuru mwaka 2011 akamatwe akirudi, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba serikali ilipaswa kumkamata. Wa mazingira wana Gigiri, makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambako Machi 2022 nchi zilikubaliana kuanza kujadili mkataba wa taka za plastiki. Ila Gigiri huingii bila miadi, kwa hiyo usiiweke kwenye mada kabla hujapata mtu wa ndani.

Mada moja huwa naikatisha tamaa: mpaka wa bahari kati ya Somalia na Kenya. Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 na maandishi ya pande zote mbili yako kwenye tovuti ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) ya The Hague, na unaweza kuyasomea kwako. Kama huna mpango wa kuhoji watu wa hapa, usifunge safari.

Hatua ya 3: Mwenyeji

Tafuta mtu, usitafute chuo. Soma kazi za wahadhiri wa Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Nairobi kule Parklands, au wa Strathmore pale Madaraka, umpate anayeandika karibu na mada yako. Barua pepe yako iwe na aya yako, tarehe zako, na jambo moja utakalowafanyia, mfano mhadhara kwa wanafunzi. Mwite Profesa au Daktari kama cheo chake kilivyo. "Ndugu" ya Dar iache kwanza mpaka mzoeane.

Hatua ya 4: Leseni ya utafiti

Hapa ndipo watu hupoteza wiki nzima nzima, kwa hiyo soma polepole.

Utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya sheria ya sayansi ya mwaka 2013. Ombi hufanyiwa mtandaoni. Mgeni lazima awe amehusishwa na taasisi ya Kenya, na utafiti unaogusa watu lazima upite kwanza kwenye kamati ya maadili iliyotambuliwa na tume hiyo. Mpangilio basi ni huu: barua ya mwenyeji, kamati ya maadili, leseni. Ukirukia leseni ukiwa huna hizo mbili, utajaza fomu na kukwama kwenye sehemu ya kupakia viambatisho.

Shida kubwa ni jina la utafiti. Barua ya chuo inasema "haki ya makazi," cheti cha maadili kinasema "kufukuzwa kwa wakazi," na wewe kwenye fomu umeandika "Mitu-Bell na baada yake." Kwako wewe ni kitu kimoja, lakini karani anaona tafiti tatu. Andika jina mara moja kwenye faili, ulinakili kila mahali herufi kwa herufi, nukta na mkato vikiwemo. Ukitaka kulibadilisha baada ya cheti cha maadili kutoka, rudi kwa kamati kwanza. Vivyo hivyo jina lako mwenyewe: liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, hata kama vitabu vyako vina jina fupi.

"Mimi nasoma hukumu tu, kamati ya nini?" Iandikie hata hivyo, iombe barua ya kukusamehe, kwa sababu mtu akianza na hukumu hatakosa kutamani kumhoji wakili. Na ukihoji, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu: ridhaa iandikwe, sauti zihifadhiwe kwa nywila. Hapo napendelea kinasa sauti cha kawaida kuliko simu, maana simu inaweza kupeleka faili mtandaoni bila wewe kutambua.

Leseni ikitoka, soma masharti yake. Utatakiwa kujulisha kamishna wa kaunti na gavana kabla ya kuanza. Beba nakala mbili, moja wagonge muhuri urudi nayo.

Hatua ya 5: Kazi yenyewe

Hukumu zote tafuta kwenye tovuti ya Kenya Law, ni bure. Sioni sababu ya kulipia hifadhidata za ng'ambo kwa kesi za Kenya. Zihifadhi kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, siku hiyo hiyo. Kwa mambo ya kale, Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, nenda asubuhi.

Kabla ya kuondoka, muulize mwenyeji anataka ripoti yako kwa umbo gani, kwa kuwa NACOSTI pia itataka nakala.