Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Ziara ya Miguu ya Mikahawa ya Kale ya Piza Mjini Napoli

Anayejiandaa kwa ziara ya miguu ya mikahawa ya kale ya piza mjini Napoli, kusini mwa Italia, hana budi kuanza na tumbo lake, maana hilo ndilo litakaloamua kama kituo cha mwisho atakifurahia au atakivumilia tu. Piza ya huko huletwa nzima kwa kila mlaji, na upana wake waweza kufika sentimita 35. Aliyestaftahi kwa chakula kizito, kisha akamaliza piza nzima kwenye mkahawa wa kwanza, hatakuwa na nafasi ya mikahawa inayofuata. Ni vyema basi asubuhi hiyo kula kitu chepesi, kumwuliza mwongozaji mapema vituo ni vingapi na kila kimoja kinatoa piza nzima au kipande, na kukubaliana na wenzako kwamba mtagawana. Ipo pia piza ndogo inayokunjwa mara nne na kuliwa mkononi, iitwayo «a portafoglio», yaani mfano wa pochi. Ni ya bei nafuu, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi kwa mtu anayetembea.

Jambo linalostahili uangalifu mkubwa zaidi ni miko ya chakula, hasa kwa Waislamu na kwa wote wasiokula nguruwe. Unga wa piza ya Napoli, kwa kanuni za chama cha «Associazione Verace Pizza Napoletana» kilichoanzishwa mwaka 1984, hukandwa kwa maji, chumvi na hamira tu, bila mafuta ya aina yoyote. Hatari iko kwingine. Piza ya zamani iitwayo «mastunicola» hupakwa mafuta ya nguruwe, na piza ya kukaangwa, ambayo ziara nyingi huiweka kwenye orodha kwa sababu ilikuwa tegemeo la maskini baada ya Vita Vikuu vya Pili, mara nyingi hujazwa jibini laini pamoja na vipande vya mafuta ya nguruwe viitwavyo «cicoli». Usisubiri kuuliza ukiwa mezani, kwenye kelele na foleni. Mwandikie mwongozaji siku kadhaa kabla, ukitaja wazi kwamba mafuta ya nguruwe nayo huyali, kwa kuwa wengi wakisikia «nguruwe» hufikiria nyama peke yake. Asiyekula vitu vya maziwa ataridhika na «marinara», yenye nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Jina lake linahusishwa na mabaharia, lakini haina samaki. Kwa ambaye ngano inamdhuru, ziara hii si salama hata akiahidiwa piza ya unga mwingine, kwani katika majiko hayo madogo unga wa ngano huruka hewani mchana kutwa.

Yafaa pia kusoma kidogo historia kabla ya kwenda, kwa sababu bila hiyo mikahawa hiyo huonekana kuwa vyumba vidogo vya vigae vyeupe tu. Mkahawa wa Port'Alba hujitambulisha kuwa ilianza mwaka 1738 kwa kuwapatia piza wachuuzi wa mitaani, ikawa mkahawa wenye meza mwaka 1830. Familia ya Condurro, wenye mkahawa wa da Michele, imo katika kazi hii tangu mwaka 1870. Katika mkahawa wa Brandi utaelezwa kwamba mwaka 1889 Raffaele Esposito alimwandalia Malkia Margherita wa Italia piza ya nyanya, jibini na mrehani, na utaonyeshwa barua ya shukrani. Wapo wanahistoria wanaoitilia shaka barua hiyo, na mwongozaji mzuri atakuambia pande zote mbili. Mimi hupendezwa zaidi na desturi ya «oggi a otto», ambapo mtu alikula leo akalipa baada ya siku nane, kwa sababu inaonyesha piza ilivyokuwa chakula cha watu wenye mfuko mwembamba, wanaokopeshana na kuaminiana. Ufundi wa waoka piza hao uliingizwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017.

Kuhusu siku na saa, fahamu kwamba baadhi ya mikahawa hufungwa Jumapili, na mingi hupumzika katikati ya Agosti, karibu na sikukuu ya tarehe 15. Iliyo maarufu sana huwa na foleni, na kwa da Michele mteja huchukua namba akasubiri nje hadi aitwe.

Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu wako, kwani mitaa ya mji mkongwe imetandikwa mawe ya volkeno yanayoteleza yakilowa, na pikipiki hupita karibu sana. Mkoba uvaliwe mbele.

Hakikisha mwongozaji ana kibali, kwani nchini Italia kazi hiyo hufanywa kwa leseni, na uulize kama bei inajumuisha chakula na vinywaji. Anayetoka Tanzania au Kenya aombe viza ya Schengen mapema, si chini ya siku 15 kabla ya safari, akiwa na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Mwisho, omba kundi lisimame mahali panapoonekana tanuri. Joto lake ni kama nyuzi 430 hadi 485, na piza huiva kwa sekunde 60 hadi 90; anayetaka picha awe ameiandaa simu kabla mwokaji hajaingiza piza kwa ubao wake wenye mpini mrefu.