Injini ya Ndege ya Mfano Inapogoma: Namna ya Kutafuta Kasoro ya Mafuta na Kabureta

Injini ndogo ya ndege ya mfano inapokataa kuwaka, au inapowaka kisha ikazima mara tu inapoongezewa kasi, mkono wa mwenye ndege hukimbilia sindano ya kabureta. Naomba mkono huo uzuiwe kwanza. Kabureta ya injini hizi ni sahili: haina boya wala bakuli la mafuta kama ile ya pikipiki, bali ina njia ya hewa, pipa dogo linalozunguka kuifungua na kuifunga njia hiyo, na sindano moja au mbili zinazopima mafuta. Ikiwa injini ilifanya kazi vizuri mara ya mwisho na hakuna aliyezigusa sindano, kilichobadilika karibu kila mara ni mafuta, mpira unaoyapitisha, tangi, plagi au hali ya hewa. Anayezungusha sindano kabla ya kuvikagua hivyo anaongeza kasoro ya pili juu ya ile ya kwanza, na baadaye hatajua ipi ni ipi.

Maelezo haya yanahusu hasa injini za plagi ya joto, zinazotumia methanoli. Za petroli nitazigusa kwa ufupi.

Anza na mafuta, na hapa Dar es Salaam usiwe na haraka ya kuyavuka. Mafuta ya injini hizi ni mchanganyiko wa methanoli, mafuta ya kulainisha (ya mbarika, ya kutengenezwa kiwandani, au yote mawili), na kiasi cha nitromethani ambacho kwa injini za kawaida mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 15. Methanoli hunyonya maji kutoka hewani. Kopo lililofunguliwa na kubakizwa nusu, likakaa barazani Kigamboni au Mbezi majira ya masika huku kifuniko hakijakazwa, hunyonya unyevu huo kila siku bila kubadilika rangi wala harufu kiasi cha mtu kutambua. Injini inayolishwa mafuta hayo huwaka kwa shida, sailensa yake (mwendo wa chini kabisa, injini inapotulia bila kuongezewa kasi) hupanda na kushuka bila sababu, na bearingi zake huanza kushika kutu. Kipimo chake ni kimoja tu, nacho ni kujaza tangi mafuta mapya kutoka kopo ambalo halijafunguliwa. Injini ikitulia, umepata jibu, na mafuta yale ya zamani hayana dawa. Tangu hapo nunua makopo madogo, yafunge kwa nguvu kila baada ya kumimina, na uyaweke mahali penye kivuli na giza.

Methanoli ni sumu: ikinywewa hupofusha na huua, nayo hupenya kwenye ngozi. Mwali wake mchana hauonekani vizuri, hivyo mtu anaweza kuweka mkono kwenye moto asiouona. Kamwe usiihifadhi katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda, hasa katika nyumba zetu ambazo chupa tupu hazikosi matumizi na watoto hawakosi kiu.

Baada ya mafuta, fungua plagi. Ndani yake mna waya mwembamba wenye platini, na mvuke wa methanoli unapougusa waya huo ndio huufanya uendelee kuwaka hata baada ya betri kuondolewa. Unganisha plagi na betri ya volti 1.5, kisha tazama: waya wote unapaswa kung'aa rangi ya chungwa iliyokolea. Ukiwa hafifu, umekatika au umejikunja ukagusa ukingo, weka plagi mpya. Betri ya pikipiki isitumike moja kwa moja kwa sababu volti 12 huukata waya huo papo hapo. Ikiwa injini hukimbia vizuri betri ikiwa imeunganishwa lakini ikazima inapoondolewa, shuku plagi iliyochoka au mafuta yaliyozidi kwenye sailensa.

Sasa njoo kwenye tangi na mipira yake, mahali ambapo kwa maoni yangu kasoro nyingi zinazosingiziwa kabureta hukaa. Ndani ya tangi kuna mpira laini wenye kizito mwishoni, nao hufuata mafuta yanakoelekea ndege inapoinama au kuinuka. Ndege ikitua kwa kishindo, kizito hicho kinaweza kurukia mbele na kukwama huko. Injini itakimbia vizuri ardhini na kuzima pindi pua inapoinuka. Mpira ukiwa na tundu, hata dogo kama ncha ya pini, injini huvuta hewa pamoja na mafuta, na hakuna namna ya kuzungusha sindano itakayoituliza. Chomoa tangi, ziba matundu yake yote isipokuwa moja, litumbukize kwenye ndoo ya maji na upulize taratibu kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa: mapovu yatakuonyesha mahali. Usibadilishe mpira wa ndani kwa ule mgumu wa pikipiki unaopatikana Kariakoo, kwa sababu hauwezi kujipinda na kizito hakitacheza. Kwa methanoli tumia mpira wa silikoni.

Mapovu yakionekana kwenye mpira wakati injini inakimbia tu, ilhali tangi halivuji, mtikisiko unayatia mafuta povu. Lizungushie tangi kipande cha sponji ya godoro na uhakikishe haligusani na mbao za ndege. Angalia pia kimo chake: mstari wa katikati ya tangi uwe sawa na tundu la mafuta la kabureta, au chini yake kwa milimita 5 hadi 10 tu. Likikaa chini zaidi, injini hukosa mafuta kadiri tangi linavyopungua. Mpira unaotoka kwenye ekzosi kupeleka msukumo ndani ya tangi ukichomoka au kuziba kwa masizi, dalili huwa ileile, nayo hujitokeza zaidi kwenye kasi ya juu.

Hapo ndipo kabureta ifikiwe. Ifungue, toa sindano ukihesabu mizunguko yake, safisha kwa methanoli na mswaki laini, kisha pitisha hewa kwenye matundu. Usichokonoe kwa waya. Mafuta ya mbarika yakikaa muda mrefu huganda kama gundi, na hayo yaloweke usiku kucha. Tazama pete za mpira kwenye shina la sindano na chini ya kabureta: ikipasuka mojawapo, au skrubu za kifuniko cha nyuma cha injini zikilegea, injini huvuta hewa ya pembeni na sailensa hukataa kushuka.

Kupima sindano huanzia kasi ya juu, kamwe si sailensa. Funga sindano kuu taratibu hadi iguse, kisha ifungue kwa mizunguko anayoelekeza mtengenezaji, ambayo mara nyingi huwa kati ya 2 na 3. Mwenzako aishike ndege, nawe usimame nyuma ya propela. Washa, iache ipate joto, ongeza kasi hadi mwisho, kisha funga sindano kidogo kidogo. Mlio mzito unaokatikakatika na moshi mwingi utageuka mlio wa juu ulionyooka. Kasi ya injini ikikoma kupanda, fungua sindano tena hadi kasi hiyo ishuke kwa mizunguko 200 hadi 400 kwa dakika. Usiibane injini hadi mwisho, kwa sababu mafuta ya kulainisha yamo ndani ya yale inayoyachoma, na injini inayonyimwa mafuta inanyimwa ulainisho pia. Mwisho, inua pua ya ndege kuelekea juu: mlio ukififia, fungua sindano kidogo tena.

Kwa sailensa, iache injini itulie chini kisha bana mpira wa mafuta kwa vidole ukiwa nyuma ya propela. Ikizima papo hapo, mafuta ni machache. Ikipanda kasi kwa muda kabla ya kuzima, yamezidi. Ikipanda kidogo tu ndipo ikazima, iko sawa. Kwenye kabureta ya sindano mbili, kufunga sindano ya pili kunapunguza mafuta. Kwenye kabureta yenye skrubu ya tundu la hewa mambo ni kinyume, kwani kuifunga kunapunguza hewa na hivyo kuongeza mafuta, na wengi huhangaika siku nzima kwa kutotazama wana aina ipi.

Kumbuka kuwa Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Ndege iliyopimwa Arusha, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi ambako hewa ni nyepesi, ikishushwa huku hukutana na hewa nzito zaidi na sindano yake huwa inatoa mafuta machache mno. Ifungue kabla ya kuirusha. Hapahapa jijini, hewa ya saa moja asubuhi huhitaji mafuta zaidi kidogo kuliko hewa ya moto ya saa tisa alasiri.

Injini za petroli zina kabureta ya utando unaovuta mafuta wenyewe. Kwake tazama kwanza kichujio kidogo cha wavu kilicho ndani, kisha utando uliokakamaa, kisha petroli iliyolala. Usitumie mpira wa silikoni, kwa maana petroli huuvimbisha na kuulainisha.

Ukimaliza kurusha injini ya methanoli, toa mafuta yote tangini, chomoa mpira na uiache injini imalize yaliyobaki hadi izime yenyewe. Tia matone machache ya mafuta ya kulainisha kwenye kabureta na kwenye tundu la plagi, zungusha propela kwa mkono ili yasambae, kisha rudisha plagi na uifunike injini kwa kitambaa kikavu.