Kabla ya kuhamisha akaunti kutoka benki moja hadi nyingine nchini Uingereza kwa ajili ya zawadi ya fedha
Benki kadhaa za Uingereza huwaahidi wateja wapya pauni 100 au zaidi, na kuhama kwenyewe si kazi, kwa kuwa utaratibu wa Current Account Switch Service, ulioanza mwaka 2013, huhamisha salio na malipo yako ya kila mwezi ndani ya siku 7 za kazi. Masharti ya zawadi ndiyo ya kusomwa kwa makini: kiasi cha kuingiza kwenye akaunti, idadi ya malipo yanayokatwa moja kwa moja, na tarehe ya mwisho. Ikiwa unakaribia kuomba mkopo wa nyumba, nakusihi usubiri, maana benki mpya huweza kukagua rekodi yako ya mikopo. Pakua kwanza taarifa za akaunti ya zamani, kwani itafungwa.