Kamba na bakuli: kumlea mtoto wa mbwa mlinzi wa mifugo aliye mkaidi

Mbwa wa kulinda mifugo, awe Kangal wa Uturuki, Maremma wa Italia au Great Pyrenees, amezalishwa vizazi na vizazi akeshe na kundi na aamue mwenyewe la kufanya akisikia kitu vichakani. Kwa hiyo mtoto wake wa miezi mitatu akikutazama tu unapomwita, usidhani ni kiziwi. Amesikia, anapima kama kuna haja ya kuja.

Wangu anaitwa Bosi, na jina limemkaa. Ukimvuta kwa kamba anajimwaga chini kama gunia la mahindi.

Mvalishe kwanza mkanda wa shingoni peke yake mpaka aache kuukuna. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo, na ukague kila wiki kwa sababu hawa wanakua upesi kweli. Halafu funga kamba nyepesi aiburute huku unamwangalia; ukimwacha peke yake itanasa kwenye uzio na kumkaba. Akishaizoea, shika ncha yake na umfuate anakotaka yeye. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona ndiyo yenye maana kuliko zote.

Sasa zamu yako. Nenda mpaka mwisho wa kamba, chuchumaa, mgeuzie ubavu, mwite. Kamba ilegee. Akipiga hata hatua moja, mpe kipande kidogo cha nyama papo hapo. Akivuta mbele, simama, ikilegea, endelea. Usimburute, kwani mbwa akivutwa huku hujikaza kwenda kule, na kila siku anakuzidi uzito. Akijilaza, subiri. Usimbembeleze, usimbebe. Dakika tano zinatosha, kabla ya chakula, tumbo likiwa tupu. Anzieni mahali patulivu, kisha sogeeni kwenye uzio wa mbuzi. Kamba hiyohiyo ndiyo itakayomzuia akianza kukimbiza vitoto vya mbuzi kwa mchezo, na atajaribu tu. Mfundishe sasa, maana akikomaa anaweza kupita kilo 50, na siku ya kwenda kwa daktari wa mifugo hutamuweza kwa nguvu.

Kwenye chakula, haraka ndiyo adui. Mbwa wa umbo kubwa akinenepeshwa utotoni, mifupa na viungo vyake huumia. Tafuta chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, na usimwongezee kalsiamu ya ziada: mwili wa mtoto wa mbwa hauwezi kuizuia vizuri ikizidi, na miguu huweza kupinda. Ukimpapasa ubavuni, uzihisi mbavu bila kubonyeza. Mlishe mara tatu kwa siku mpaka miezi sita, kisha mara mbili, na apumzike baada ya kula.

Bosi hususia bakuli siku za joto. Mbwa wa aina hii hula kidogo kuliko umbo lao linavyoonyesha, kwa hiyo simbembelezi kwa mchuzi. Baada ya dakika ishirini naliondoa. Akisusa huku amelegea, anatapika au anaharisha, hapo si ukaidi tena, apelekwe kwa daktari.

Ale peke yake, mbuzi wasikofika. Mbuzi akivamia chakula cha mbwa chenye nafaka nyingi anaweza kuvimbiwa vibaya, na mbwa anayegombania bakuli hujifunza kuwauma haohao anaotakiwa kuwalinda. Wewe nawe usimpokonye bakuli kuonyesha ubwana. Pita karibu, dondosha kitu kitamu ndani, ondoka. Atajifunza kwamba anayesogea analeta, hanyang'anyi.

Mifupa iliyopikwa, vitunguu, chokoleti na zabibu asipewe. Wala maini na mapafu mabichi ya mbuzi au kondoo aliyechinjwa, hata kama ndiyo desturi yako: yakiwa na vifuko vya minyoo tegu, mbwa huambukizwa, na mayai ya minyoo hiyo yanaweza kukufikia wewe na wanao. Yachemshe mpaka yaive kabisa, au uyafukie mbali, kwenye shimo refu asiloweza kulifukua.